Fungate Ndani ya Gari: Bi Harusi, Pima Umeme Wako Kabla Hujanunua

 

Juzi alikuja bi harusi mmoja kupimwa gauni. Mkanda wa kupimia uko mabegani, naye hawezi kutulia kwa furaha. Yeye na mchumba wake wamenunua Hiace iliyokwishatumika, wanaitoa viti na kuifanya gari la kulala. Fungate yao haitakuwa hotelini. Siku mbili Kizimkazi, siku mbili Nungwi, kisha gari linapandishwa meli kwenda Pemba, mpaka pwani ya Vumawimbi. Akatutajia na vitakavyokuwemo: kiyoyozi, friji, televisheni, birika la umeme, pasi na mashine ya kukaushia nywele.

Tukamuuliza, "Umeme wa vyote hivyo utatoka wapi?"

"Fundi atafunga sola juu."

"Sola ya kiasi gani? Na betri ngapi?"

Akacheka. "Hayo anayajua mwenzangu."

Tulimaliza kumpima, tukamuombea kheri, akaondoka. Lakini neno lile lilitukaa, kwa sababu na sisi tuliwahi kulisema, na lilitugharimu pesa, aibu, na karibu litugharimu roho.

Kwa hiyo leo tunasema maoni yetu wazi. Starehe ya gari la kulala haitokani na wingi wa umeme. Inatokana na kujua unahitaji kiasi gani. Hesabu hiyo aifanye bi harusi mwenyewe, pamoja na mumewe, kabla hata shilingi moja haijatoka. Na kiyoyozi, shoga zetu, kiacheni.

Usiku wa Makunduchi

Wanaotujua wanajua sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za maharusi hapa Mjini. Wateja wetu wengi wako shamba: Makunduchi, Jambiani, Nungwi. Bi harusi akishawekwa ndani hatoki, na gauni linahitaji kujaribiwa mara mbili tatu. Tukasema tuwafuate wao. Upatu ulipotufikia tukanunua Hiace yetu. Nyuma tukaweka kitanda cha watu wawili, pembeni meza ya kukatia na cherehani. Kaka yetu ndiye dereva na ndiye mahram wetu. Usiku yeye hulala barazani kwa wenyeji, sisi ndani ya gari.

Fundi wa umeme alipokuja, maneno yote aliyasema na kaka. "Kaka, gari lako nitalifungia mzigo mzuri." Gari lilikuwa letu na pesa zilikuwa zetu, lakini na sisi tulikaa pembeni tukaona mambo ya waya ni ya wanaume. Hakuuliza tunataka kuwasha nini. Na sisi hatukumwambia. Akafunga paneli moja, betri mbili, na inveta iliyoandikwa wati 3000 kwa maandishi makubwa. Betri alizipata kwa bei ya chini, tukafurahi. Wazee walisema rahisi ghali, lakini siku ya kununua nani anakumbuka maneno ya wazee?

Safari za mwanzo zilikwenda vizuri. Taa, simu, feni moja. Kisha tukawa na harusi Makunduchi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, umeme wa kijiji ukakatika tangu Magharibi. Sisi tukajisifu: msiwe na wasiwasi, tuna umeme wetu. Gauni lilikuwa la satini, lenye mkia mrefu, na lilikuwa limejikunja kwenye sanduku. Tukachomeka pasi.

Dakika chache tu inveta ikaanza kulia, kisha ikazima. Tukaiwasha tena, ikalia tena, ikazima. Mara ya tatu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tukatia mkono chini ya kitanda kugusa waya unaotoka kwenye betri: wa moto, haushikiki. Juu ya kitanda kilekile tulikuwa tumetandaza magauni mawili na shela la wavu, kitambaa kinachoshika moto kama karatasi. Tukauvuta ule waya ukachomoka, tukabaki gizani tunatetemeka.

Mama wa bi harusi hakutugombeza. Alimtuma mtoto kwa jirani, akaletwa pasi ya mkaa. Tulipiga pasi juu ya mkeka, kitambaa kibichi kati ya pasi na satini, kwa mwanga wa simu, mpaka karibu na alfajiri. Cheche moja ikaruka na kutoboa upindo. Tukaifunika kwa lesi. Gauni likavaliwa, alhamdulillahi, na watu wakalisifu. Sisi tulikuwa tunatazama ule upindo tu.

La kutuumiza zaidi ni kwamba somo hilo tulikwishapewa. Mnakumbuka Disemba 2009, umeme wa waya wa baharini kutoka Bara ulipokatika na Unguja nzima ikakaa gizani mpaka Machi 2010? Tulikuwa bado tunajifunza kushona. Vyerehani vya mota vikageuka meza za kuwekea vikombe. Waliokuwa na vyerehani vya miguu walishona miezi mitatu yote bila kusimama. Tangu siku hizo tulijua kuwa kitu kisichohitaji umeme kina thamani yake. Tulikuja kusahau tulipopata gari.

Hesabu ya Tukuza

Baada ya Makunduchi tukatafuta fundi mwingine, mtu mzima, mpole. Huyu kwanza alitupa karatasi na kalamu. Akasema, "Andikeni kila kitu mnachotaka kuwasha, na kila kimoja kwa saa ngapi." Tukaona ni kama kuchukua vipimo vya mteja. Hakuna mshoni anayekata kitambaa kwa kumtazama mtu mlangoni.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na kila mwenye Tukuza nyumbani anaijua bila kujua kuwa anaijua. Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa nyuma au chini. Zidisha wati kwa saa utakazokiwasha. Ukifika 1000, umetumia uniti moja, ileile unayoinunua ya Tukuza. Basi.

Tuchukue maharusi wawili ndani ya gari, kwa siku moja:

- Taa tatu za LED za wati 5, saa tano: 75.
- Feni mbili ndogo za volti 12, wati 20 kila moja, saa tisa za usiku: 360.
- Friji ndogo ya gari ya kompresa, wati 45 hivi, ambayo kwa joto letu hufanya kazi kama nusu ya siku: 540.
- Pampu ya maji ya udhu na kuoshea vyombo, wati 40, nusu saa: 20.
- Kuchaji simu mbili: 30.

Jumla ni 1025. Uniti moja na chembe. Watu wawili wanalala kwa upepo, wanakunywa maji baridi, wanaona mbele yao, wanapata udhu bila kuinama kisimani. Starehe yote hiyo kwa uniti moja!

Sasa ongeza vitu vya yule bi harusi wetu. Pasi ya wati 1000, ikiwaka nusu saa, ni 500. Mashine ya nywele ya wati 1200, robo saa tu, ni 300. Birika la wati 1500, dakika kumi, ni 250. Tazameni: vitu vitatu, chini ya saa moja, vimekula zaidi ya siku nzima ya taa, feni, friji, pampu na simu. Kanuni tuliyoishika ni hii: kitu kinachotengeneza moto kwa umeme ndicho kinachofilisi betri. Chai ichemshwe kwa gesi, mlango wazi. Nguo zipigwe pasi nyumbani kabla ya safari, na zitundikwe badala ya kukunjwa. Nywele zikaushwe na upepo wa Nungwi, nao haulipiwi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na umeme wa gari ni mali. Ukiisha saa nane ya usiku, hakuna duka la kununua nyingine.

Kiyoyozi na paa la Hiace

Tunajua mtatuambia, "Nyinyi! Joto la Februari, ndani ya bati, mlango umefungwa, bila kiyoyozi?" Ni kweli ni joto. Hatutawadanganya.

Lakini tufanye hesabu. Kiyoyozi kidogo kabisa cha ukutani ni kama wati 900. Tuseme usiku wa saa nane kinafanya kazi nusu ya muda, nusu kinapumzika. Ni 3600, uniti tatu na nusu, kwa usingizi wa usiku mmoja. Na ndani ya gari la bati hakipumziki nusu. Paneli ya wati 300 kwa jua letu zuri, ukitoa kinachopotea njiani kwa joto, vumbi na waya, hukupa kama uniti moja kwa siku. Ili kuendesha kiyoyozi peke yake unahitaji nne kama hiyo, mbali na ile ya mahitaji mengine. Paa la Hiace linabeba mbili, zikibanwa tatu. Hizo nyingine utaziweka wapi, kichwani?

Atakayeona hawezi bila kiyoyozi, hilo si kosa. Achukue chumba chenye umeme na alale vizuri. Kosa ni kununua kiyoyozi cha gari, kikakaa pale kama pambo, na pesa za mahari zimekwenda.

Kinachosaidia kweli tumekipata kwenye kazi yetu wenyewe, kwenye kitambaa. Tatizo la sisi wanawake ni stara: tunafunga madirisha na mapazia, halafu tunaoka ndani. Basi tulishona mapazia ya tabaka mbili, nje kitambaa cha kung'aa kinachorudisha jua, ndani kizito cha rangi iliyoiva. Mchana yanazuia joto, usiku hata taa ikiwaka hakuna kivuli kinachoonekana nje. Milango yote miwili tuliishonea chandarua chenye upindo wa sumaku, hivyo unaweza kuiacha wazi upande wa bahari bila mbu kuingia. Pembeni tukatundika turubai la kivuli, ndipo tunapokaa mchana. Na juu ya paa tukatoboa tundu la feni inayovuta hewa ya moto kwenda nje, wati chache tu. Hewa ya moto hupanda. Ukiipa njia juu na hewa baridi ikapata njia chini, gari linapumua.

Bibi zetu walifanya fungate siku saba na pepeo la ukili. Hatusemi turudi huko. Tunasema wao walijua upepo unaingilia wapi.

Betri kwanza, kisha paneli

Maharusi wengi wanauliza paneli kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini usiku hakuna jua. Usiku unaishi kwa betri.

Betri ya volti 12 iliyoandikwa 100Ah, zidisha 12 kwa 100, ni 1200. Uniti moja na chembe, kwa maandishi. Lakini ile ya risasi ya kawaida haitakiwi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, inakufa mapema. Kwa hiyo mkononi una 600 tu. Betri ya lithiamu ya 100Ah inakubali kutumiwa karibu yote, 1000 kwa raha, na inadumu miaka mingi zaidi. Bei yake iko juu sana kuliko ya risasi. Sisi mara ya pili tulinunua mbili za lithiamu, tukakaa miezi tunazilipia, na hatujajuta. Asiyeweza, achukue mbili za risasi za kweli na aishi ndani ya 1200 yake. Hakuna aibu.

Tumesema za kweli. Zile zetu za mwanzo ziliandikwa 100Ah, na kila mmoja wetu alizinyanyua bila jasho. Betri ya kweli ya risasi ya kiasi hicho ni kilo 25 hadi 30. Unaponunua, inyanyue. Ikiwa nyepesi kama kapu la nguo, iache dukani.

Kuna na suala la mawingu. Miaka hii Mfunguo Mosi, mwezi wetu wa harusi, umekuwa ukiangukia kwenye masika. Siku ya mvua paneli inaweza kukupa robo ya ilichokupa jana, au pungufu. Ndiyo maana betri iwe na akiba ya siku mbili. Na gari lenyewe ni msaada: likitembea, altaneta yake inaweza kuchaji betri za ndani. Isifungwe waya kwa waya, bali kupitia chaja maalumu inayokaa kati ya betri ya injini na betri za ndani. Chaja ya ampia 30 kwa mwendo wa saa moja, sawa na kutoka Mjini kwenda Nungwi, inaingiza kama 360. Hizo ni feni zako za usiku mzima. Na betri ya injini ibaki peke yake, isiguswe. Asubuhi ya fungate kuomba watu wakusukumie gari si jambo la kupendeza.

Jambo moja la kuchekesha tumelijua kwa kuteseka. Ukiegesha chini ya mwembe, gari ni baridi lakini paneli haipati kitu. Ukiegesha juani, paneli inashiba na nyinyi mnaungua. Sisi sasa tuna paneli moja juu na moja ya kukunja. Gari linakaa kivulini, ile ya kukunja tunaitandaza juani kama udaga na kuigeuza jua linavyogeuka. Na ile ya juu ifungwe ikiwa na nafasi ya vidole vichache kati yake na bati, hewa ipite. Paneli ikipata moto sana hutoa umeme kidogo.

Yanayoua

Haya tusome polepole.

Waya uliotuungulia ulikuwa mwembamba, waya wa taa ya nyumbani. Pasi ya wati 1000 kwenye ukuta wa nyumba inavuta kama ampia 4. Pasi hiyohiyo kupitia betri ya volti 12 inavuta zaidi ya 80. Ni kama kupitisha maji ya mfereji mkubwa kwenye mrija wa soda. Waya wa kutoka betri kwenda inveta uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si mbali huko. Muulize fundi, "Fyuzi iko wapi?" Aionyeshe kwa kidole. Sisi hatukuwa nayo hata moja.

La pili ni chetezo. Tunajua hakuna fungate bila udi. Lakini kaa la moto ndani ya gari lililofungwa linatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi, na usiitegemee pua yako ikuonye. Mtu anasinzia na haamki. Udi ufukizwe milango ikiwa wazi, nguo zikishashika harufu chetezo kitoke nje, ndipo mlale. Jiko la mkaa lisiingie kabisa, hata kwa dakika kumi, hata kwa mvua. Jenereta hivyohivyo: ikae nje na mbali, moshi wake usielekee kwenu. Sisi hatuipendi hata kwa kelele zake. Mmekwenda pwani ya watu, jirani yenu anaswali Alfajiri, nyinyi mnanguruma.

La tatu, chumvi. Hewa ya bahari inakula vichwa vya betri vikaota ukungu wa kijani na mweupe. Kila mwezi vifute na uvipake mafuta mazito ya kujipaka. Kazi ya dakika tano.

Na kabla ya kulala pwani ya kijiji chochote, nendeni kwa sheha mjitambulishe. Umeme mkubwa wa usalama ni wenyeji kujua mpo na ni mke na mume.

Nani ashike kalamu

Tunarudi kwenye lile neno, "anayajua mwenzangu."

Hatusemi mume apokonywe kazi. Tunasema mume hajui utaamka saa ngapi, hajui nguo zako zinahitaji nini, hajui kama utataka friji kwa soda au kwa dawa. Kuna mtu friji kwake ni anasa, anaweza kununua barafu na samaki wa leo kutoka kwa wavuvi na kupunguza nusu ya hesabu yake. Kuna mwingine ana sukari na insulini yake lazima ikae baridi; kwake friji ndiyo ya kwanza kwenye orodha, taa baadaye. Hayo huyajui isipokuwa wewe. Ukinyamaza, fundi ataweka anachokitaka yeye.

Na pesa mara nyingi ni zako pia. Mahari ni haki yako, hakuna anayekulazimisha kuyatia kwenye gari. Ukiamua kuyatia kwa mapenzi yako, yatie ukijua yamekwenda kwenye nini. Kuuliza betri ina kilo ngapi hakupunguzi heshima ya mume. Sisi tuliona haya kuuliza, na haya ile ingeweza kutuchoma tukiwa hai pamoja na gauni la mtoto wa watu.

Tumefundishwa tusifanye israfu hata kwenye maji ya udhu. Umeme wa gari umetufahamisha maana yake kuliko darasa lolote. Nyumbani taa ya choo inawaka mpaka asubuhi na hakuna anayejali. Ndani ya gari, ukiona ile namba ya betri inashuka, unainuka mwenyewe ukazime.

Yule bi harusi amerudi jana kujaribu gauni. Tulimuwekea karatasi na kalamu mezani kabla hata hajavua buibui. Birika akalifuta mwenyewe. Pasi akaifuta. Kwenye kiyoyozi alisimama muda mrefu, kalamu hewani, akatuomba apige simu kwanza. Tukamwacha azungumze na mwenzake faragha, sisi tukaendelea kushona mapazia yake, tabaka mbili.

Alirudi akasema, "Anauliza, fyuzi inakaa wapi?"

Tukajua hapo wameanza safari vizuri. Allah awajaalie wao na maharusi wote mapenzi na huruma, safari za salama na usingizi wa upepo mwanana. Amin.